Mungu Aliyeshinda Kesi London: Kisa cha Nataraja wa Pathur

Mwezi Februari 1991, Mahakama ya Rufani jijini London ilitoa hukumu kuhusu sanamu moja ya shaba iliyotoka kijiji cha Pathur, kusini mwa India. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Kanada, Bumper Development Corporation. Waliompinga walikuwa Serikali ya India, Jimbo la Tamil Nadu, msimamizi wa hekalu moja la kijijini, hekalu lenyewe ambalo lilikuwa limebaki magofu, na jiwe. Jiwe hilo ni Sivalingam, nguzo fupi ya mviringo ambayo Wahindu huiabudu kama makao ya mungu Shiva, na karatasi za mahakama zililiandika miongoni mwa wadai kama zinavyomwandika mtu au benki.

Wanasheria hukitumia kisa hiki kufundishia sheria ya mali, na watu wa makumbusho hukitaja kila inapozuka hoja ya vitu vilivyoibwa. Mimi hukirudia kwa sababu ya swali lililolala chini ya hayo yote. Kitu kile kilichokuwa kinakaguliwa British Museum, jumba la makumbusho la London, polisi walipokizuia, kilikuwa ni nini? Kwa mnunuzi kilikuwa kazi bora ya sanaa. Kwa polisi kilikuwa kielelezo cha jinai. Kwa watu wa Pathur alikuwa nani? Jibu limo katika imani yao, na ninavyoamini jibu hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini sanamu za aina ile ni nzuri kiasi kile.

Shimo karibu na kibanda

Mwaka 1976, katika kijiji cha Pathur kwenye delta ya mto Kaveri, wilaya ya Thanjavur kama mipaka ilivyokuwa wakati ule, kibarua asiye na shamba lake alikuwa akichimba ardhi karibu na kibanda chake. Jirani na hapo kuna mabaki ya hekalu la Arul Thiru Viswanatha Swamy, lililojengwa zama za wafalme wa Chola kisha likaachwa kwa karne nyingi. Jembe likagonga chuma. Ndani ya udongo mlikuwa na sanamu, na mojawapo ilikuwa ya Shiva akicheza, yaani Nataraja, Bwana wa Ngoma.

Kibarua hakwenda polisi. Sanamu ikauzwa, ikapita kwa madalali, ikavushwa nje ya India, na mwaka 1982 ikaibuka London kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyekuwa na maelezo ya uongo kuhusu ilikotoka. Bumper wakainunua kwa pauni 250,000, na mahakama baadaye ilikubali kwamba wao walinunua kwa nia njema. Wakaipeleka British Museum ikaguliwe na kutengenezwa. Ikiwa huko, Polisi wa London wakaizuia. Kampuni ikamshtaki Kamishna wa Polisi ikidai mali yake, na ndipo upande wa India ulipoingia kwenye shauri.

Simuoni kibarua yule kuwa mhalifu mkuu wa kisa hiki. Faida kubwa haikubaki Pathur. Iliongezeka kadiri sanamu ilivyosogea mbali na kijiji, na waliojua thamani yake halisi ndio waliojua pia namna ya kuighushia historia.

Lakini ilifikaje ardhini? Tamil Nadu jambo hili si geni. Vita vilipokaribia, kama wakati wa mashambulizi ya Malik Kafur, jemadari wa Usultani wa Delhi, mwaka 1311, makuhani walizika sanamu za shaba ili zisiporwe na kuyeyushwa. Maandiko ya taratibu za ibada yaitwayo Agama yanafundisha jinsi ya kumficha mungu ardhini wakati wa hatari, na jinsi ya kumtakasa tena hatari ikipita. Waliozika walikuwa na nia ya kurudi. Wengine waliuawa, wengine walihama, na siri ya shimo ikafa nao. Hadi leo wakulima wa delta ile hukutana na miungu wakichimba visima na misingi ya nyumba.

Anayecheza ni nani

Tusimame hapa kidogo, maana bila kuielewa sanamu hatutaielewa hukumu.

Shiva amesimama kwa mguu wa kulia, goti limekunjwa kidogo. Chini ya wayo wake amelala kiumbe mfupi mnene aitwaye Muyalakan, ambaye ni ujinga na usahaulifu wa binadamu. Hajauawa, amebanwa tu. Mguu wa kushoto umeinuliwa na kukingama mbele ya mwili. Mikono ni minne. Wa nyuma kulia umeshika ngoma ndogo yenye kiuno chembamba; mlio wake ndio unaoanzisha uumbaji. Wa nyuma kushoto umebeba ulimi wa moto, na huo ndio mwisho wa vyote vilivyoumbwa. Wa mbele kulia umefungua kiganja kumwambia mja asiogope. Wa mbele kushoto unashuka kwa mlegezo wa mkonga wa tembo, vidole vikionyesha ule mguu ulioinuliwa, kwa sababu hapo ndipo penye wokovu. Nywele zimetawanyika pande mbili kwa kasi ya mzunguko, na ndani yake mna mwezi mwandamo, fuvu, na umbo dogo la Ganga, mungu wa kike wa mto. Sikio la kulia lina hereni ya kiume na la kushoto lina ya kike, maana Shiva hatenganishwi na mkewe. Duara la miali ya moto linamzunguka, nalo ni ulimwengu mzima.

Baada ya hayo yote, mtazame usoni. Mwili unazunguka, nywele zinaruka, moto unawaka, na uso umetulia tuli. Sijui sanaa nyingine iliyoweza kuviweka vitu hivi viwili, kishindo na utulivu, katika umbo moja bila kimoja kukiharibu kingine. Wanateolojia wa madhehebu ya Shiva kusini mwa India wanasema mungu ana kazi tano: kuumba, kuhifadhi, kuangamiza, kuficha ukweli na kutoa neema. Kitabuni kazi hizo utazisoma moja baada ya nyingine. Katika Nataraja zote tano zinatendeka kwa wakati mmoja, na hilo ndilo fundisho lenyewe: kwa mungu hakuna kwanza wala baadaye.

Ushairi ulitangulia shaba. Tangu karne ya 7, washairi watakatifu wa Kitamil walikuwa wakimwimba Shiva anayecheza katika hekalu la Chidambaram. Mmoja wao aliimba kwamba ukijaliwa kuuona mguu ule ulioinuliwa, basi hata kuzaliwa binadamu hapa duniani ni jambo la kutamani. Sanamu kubwa za shaba za Nataraja zilienea baadaye, karne ya 10, hasa chini ya ufadhili wa Sembiyan Mahadevi, malkia wa Chola aliyebaki mjane na kutumia maisha yake kujenga mahekalu ya mawe. Fundi aliyesubu sanamu hizo alikuwa tayari anazijua tenzi. Alikuwa akiipa mwili sala iliyokuwa midomoni mwa watu kwa miaka mingi.

Na namna ya kusubu inafaa kujulikana, kwa kuwa haijafa. Katika mji wa Swamimalai, karibu na Kumbakonam, mafundi waitwao sthapati bado wanafanya kazi hii. Fundi huanza na utepe mwembamba wa ukuti wa mnazi uliokatwa sawa na urefu wa sanamu inayokusudiwa. Anaukunja na kuukunja tena mpaka upate vipimo vyote: uso uwe sehemu fulani ya mwili, kifua sehemu fulani, paja sehemu fulani, kama maandiko yalivyoamuru. Kisha anafinyanga umbo zima kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Anaipaka nta hiyo udongo laini wa mto Kaveri, ambao huingia hadi kwenye mikunjo ya kucha, halafu udongo mzito zaidi, halafu anaufunga kwa nyaya. Kalibu likitiwa moto, nta inayeyuka na kumwagika. Shaba iliyochanganywa na madini mengine inamiminwa mahali pa nta. Ikipoa, kalibu linavunjwa, na kwa hiyo hakuna sanamu mbili zinazotoka tumbo moja.

Mpaka hapo bado ni chuma. Linalokigeuza ni ibada ya kuwekwa wakfu, ambayo kilele chake ni kuyafungua macho kwa kifaa cha dhahabu na kumwomba mungu aingie akae. Baada ya hapo sanamu inahudumiwa kama mfalme aliye hai. Inaamshwa asubuhi, inapewa chakula, inalazwa usiku. Nataraja huogeshwa rasmi mara sita kwa mwaka, kwa maziwa, mtindi, asali, maji ya msandali na majivu matakatifu. Kisha anavishwa hariri na mashada ya maua mpaka mja aliyekuja kumwona anabakiwa na uso, viganja na ule mguu. Sanamu nyingi za shaba za zama za Chola zina matundu au pete kwenye kitako: humo hupitishwa miti ili mungu abebwe mabegani na kutembezwa mitaani siku ya sherehe. Sivalingam la jiwe halitoki chumba cha ndani. Shaba ndiyo inayotoka kwenda kuwaona wale ambao zamani hawakuruhusiwa kuingia hekaluni, wagonjwa, na wazee wasioweza kutembea.

Mja naye haendi kutazama tu. Anakwenda kuonana. Yeye anamwona mungu, mungu anamwona yeye, na baraka zimo katika kule kutazamana. Ndiyo maana napata uzito ninapoona Nataraja akiwa uchi ndani ya sanduku la kioo, mwanga wa umeme umempiga kutoka juu, na kibao kinataja karne na kimo chake. Uchi ule tunaousifu kuwa ni umbo safi, yeye hakuumbwa aonekane nao hadharani.

Najua wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumelelewa katika Uislamu au Ukristo, na tumefundishwa kwamba sanamu haisikii wala haioni. Sina haja ya kumtoa mtu katika imani yake. Ila ni haki kumsikiliza Mhindu akieleza mwenyewe: haabudu shaba. Anaamini Mungu aliye kila mahali hukubali, kwa huruma, kukaa mahali pamoja ambapo macho ya binadamu yanaweza kumfikia. Anayepita Kisutu, Dar es Salaam, penye mahekalu ya Kihindu, anapita karibu na watu wanaoishi imani hiyo hadi leo, ingawa wengi wao asili yao ni Gujarati na taratibu zao si zile za Tamil Nadu.

Jaji na nia ya marehemu

Kesi ilisikilizwa kwanza na Jaji Ian Kennedy, ambaye alitoa hukumu mwaka 1988. Hoja ya kwanza ilikuwa ya ushahidi mkavu: je, sanamu iliyo London ndiyo iliyotoka Pathur? Wataalamu wa mitindo ya uchongaji waliilinganisha na vitu vingine vilivyopatikana Pathur. Walikuja wataalamu wa madini. Walikuja wataalamu wa udongo, na hata wa wadudu, kwa sababu mchwa walikuwa wameacha njia zao juu ya shaba. Jaji akaridhika kwamba ni ileile.

Hoja ya pili ndiyo iliyoleta kizungumkuti. Sheria ya Uingereza inasema, kwa jumla, kwamba mnunuzi hapati haki ambayo muuzaji hakuwa nayo. Basi kama kibarua na madalali hawakuwa wenye mali, mwenyewe ni nani? Hekalu lilikuwa magofu. Wafalme wa Chola walitoweka tangu karne ya 13. Kuhani hakuwapo. Kwa mtu wa kawaida wa London, mali ile ilikuwa haina mwenyewe.

Sheria ya Kihindu ilikuwa na jibu, na jibu hilo London ilikwisha kulisikia. Mwaka 1925, Baraza la Privy, lililokuwa mahakama ya mwisho ya dola ya Uingereza, liliamua shauri la ukoo wa Mullick wa Calcutta. Ndugu walikuwa wakipokezana zamu ya kumhudumia mungu wa ukoo, na mmoja wao akataka kumhamishia nyumbani kwake zamu yake ikifika. Baraza likasema mungu yule ni nafsi mbele ya sheria na matakwa yake kuhusu mahali pa kukaa lazima yaheshimiwe. Likaagiza apatiwe msemaji asiye na maslahi katika ugomvi, na wanawake wa ukoo nao wapewe nafasi ya kusikilizwa. Hapo tayari mungu alikuwa na wakili.

Katika shauri la Pathur, Sivalingam la jiwe lililopatikana penye magofu lilikuwa limerudishwa mahali pake na kuanza kuabudiwa tena. Jaji Kennedy alilitazama jiwe hilo na kufikia uamuzi ambao kila nikiusoma naona amevuka mto mpana kwa hatua moja: alisema nia ya dini ya yule mheshimiwa wa karne ya 12, aliyetoa ardhi na kujenga hekalu la Pathur, bado ipo, na inawakilishwa na Sivalingam, ambalo lina haki kubwa kuliko ya kampuni.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu anaujua wakfu. Marehemu alitoa kiwanja kwa ajili ya msikiti, akafa, watoto wakafa, wajukuu wakahamia Oman, na kiwanja hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi, kwa kuwa kimekwisha kutolewa kwa Mungu. Msikiti ukibomoka, kiwanja hakirudi kwa ukoo. Mtoaji wa Pathur alifanya jambo la aina hiyo, na Jaji wa Kiingereza aliikuta nia yake haijachakaa baada ya miaka 800.

Kampuni ikakata rufaa. Mawakili wake walishikilia kwamba sheria ya Uingereza haitambui hekalu kuwa mtu anayeweza kushtaki. Lord Justice Purchas, akisoma uamuzi wa Mahakama ya Rufani, alikubali kwamba hekalu la Uingereza lisingeweza. Lakini kwa adabu ya mataifa kuheshimiana, hekalu ambalo kwao Tamil Nadu ni nafsi halali linaweza kusimama London na kudai mali yake, na jambo hilo haliendi kinyume na maadili ya umma wa Uingereza. Rufaa ikakataliwa. Hekalu likashinda kupitia kwa msimamizi wake, na majaji hawakuona ulazima wa kuamua hatima ya jiwe kama mdai. Nataraja alirudi India mwaka huohuo wa 1991.

Ninaona umuhimu mkubwa katika nani hasa aliyeshinda. Serikali mbili zilikuwamo kwenye kesi, zikiwa na uwezo, mabalozi na mihuri. Mahakama ilimpa ushindi mwenye hali duni kuliko wote, magofu ya kijijini. Haikusema sanamu ni urithi wa taifa. Ilisema ni mali ya hekalu, kwa ajili ya kazi ya hekalu.

Kanuni hiyo haina utakatifu kila inapokwenda. Tarehe 9 Novemba 2019, Mahakama ya Juu Kabisa ya India ilitoa hukumu ya Ayodhya, ambapo mdai mmojawapo alikuwa mungu Ram Lalla, aliyefungua shauri lake mwaka 1989 kupitia kwa mwakilishi. Mungu akapewa ekari 2.77 zilizogombaniwa, mahali uliposimama Msikiti wa Babri mpaka ulipobomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992. Waislamu waliambiwa watapewa ekari 5 mahali pengine. Mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba ubomoaji ulikuwa uvunjaji wa sheria, na ilikataa dai kwamba ardhi yenyewe nayo ni nafsi. Hata hivyo, kwa Waislamu wa India matokeo yalikuwa machungu, na siwezi kuusifu uamuzi wa Pathur nikajifanya sikuuona wa Ayodhya. Tofauti ninayoiona ni hii: Pathur, mungu aliyeibwa alidai kurudi kwake, wala hakuna mwabudu mwingine aliyepoteza mahali pa kusujudu.

Kinachofanana zaidi na Pathur kiko karibu nasi. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa kwenye maboma ya pwani ya Kenya na kuishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Baadhi vimerudishwa. Kigango nacho kikishasimikwa hakipaswi kuhamishwa, kwa sababu marehemu yupo pale. Mnunuzi aliyekisifia mistari na rangi yake alikuwa akisifia nguo akiwa hajamwona aliyeivaa.

Baada ya ushindi

Sehemu hii ya kisa husimuliwa kwa sauti ndogo, na mimi ndiyo inayonisumbua. Nataraja aliporudi Tamil Nadu hakurudishwa kuishi katika magofu ya Pathur. Alipelekwa Tiruvarur, kwenye kituo cha serikali cha kuhifadhi sanamu takatifu, na huko akakaa kwa miaka mingi nyuma ya milango iliyofungwa. Sababu inaeleweka. Hekalu halina ulinzi, na wezi hawajaisha. Sanamu ya Nataraja ya kijiji cha Sripuranthan iliibwa, ikauzwa na Subhash Kapoor, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa New York, kwa National Gallery of Australia mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 5, na ikarudishwa mwaka 2014 na Waziri Mkuu Tony Abbott alipotembelea India. Kapoor alikamatwa Ujerumani mwaka 2011, akapelekwa India, na mwaka 2022 mahakama ya Kumbakonam ikamhukumu kifungo cha miaka 10 kwa kesi ya sanamu za hekalu jingine. Ofisa anayesema sanamu zikae chini ya kufuli ana ushahidi mkononi.

Lakini Agama haina kifungu kinachosema mungu awekwe stoo. Sanamu isiyoogeshwa, isiyolishwa, isiyobebwa mabegani, kwa imani ya walewale walioshinda kesi, ni mungu anayeshinda njaa. London alikuwa kielelezo, na Tiruvarur akawa mali ya thamani iliyohifadhiwa. Hali zote mbili zinamtendea kama kitu, na hukumu ya 1991 ilimpa hekalu kwa ajili ya kazi ya hekalu.

Kuna anayeweza kusema: si watengeneze nakala iabudiwe kijijini, na ya kale ibaki salama? Jambo hilo lilikwisha kutokea kwa hila. Nataraja wa Sivapuram, aliyefukuliwa mwaka 1951, alipelekwa kwa fundi kutengenezwa, na fundi akarudisha nakala. Wanakijiji waliiabudu kwa miaka bila kujua, mpaka mtaalamu wa British Museum, Douglas Barrett, alipoandika mwaka 1965 kwamba ya hekaluni si ya kale. Ile ya kale ikaja kununuliwa na Norton Simon, mkusanyaji wa sanaa wa California. India ikashtaki, wakapatana mwaka 1976, na sanamu ikarudi mwaka 1986. Je, sala za Sivapuram zilipotea hewani miaka ile? Siamini hivyo. Kwa mafundisho yao, shaba mpya ikiwekwa wakfu kwa haki, mungu huingia, naye hachagui umri wa chuma. Kwa hiyo nakala inaweza kabisa kuwa mungu wa kweli. Hilo haliigeuzi ile ya kale kuwa pambo lisilohitaji ibada, kwa kuwa nayo iliwekwa wakfu, na hakuna aliyemwaga mungu wake akamtoa. Anayependekeza nakala kwa ajili ya kijiji na sanamu ya kale kwa ajili ya stoo anawapa waumini haki nusu, na mungu hampi chochote.

Njia ipo, na Tamil Nadu wanaijua. Sanamu za mahekalu madogo zilizohifadhiwa kwenye vituo hutolewa siku za sherehe, zikasindikizwa na polisi hadi kwao, zikaogeshwa na kutembezwa, kisha zikarudi. Kwa Nataraja sherehe kubwa zaidi ni Arudra Darshan, inayoangukia Desemba au Januari. Nisingeridhika na ziara ya siku moja kwa mwaka, lakini ingekuwa mwanzo wa kuitii hukumu. Zaidi ya hapo, Pathur panahitaji chumba kimoja chenye kuta za mawe na mlango wa chuma, mlinzi wa zamu ya usiku, na kuhani mwenye mshahara wa kudumu kutoka idara ya mahekalu. Serikali iliyoweza kulipa mawakili miaka yote ile London haishindwi na gharama hizo.